Idrisa, Kitabu Chako Kimesomwa Edani

Mume wangu Idrisa,

Usicheke mwandiko. Madrasa nilisoma nikiwa mdogo, shule nilikaa miaka miwili tu, kisha baba akasema inatosha, na mkono wangu umezoea samaki wa kuuza, ndagala, kuliko kalamu. Lakini barua hii siwezi kumpa mtu aniandikie. Mna jambo ndani yake ambalo sitaki lipite kwenye sikio la mtu mwingine kabla ya lako. Zuwena amenichania karatasi za daftari, hata hakuniuliza za nini. Ana akili mke wako. Kukushinda wewe.

Nimeanza kukugombeza, najua. We ni mjukuu wangu, nimekuita mume wangu tangu hujaota meno, kama kila bibi wa mtaa huu wa Buyenzi anavyomwita wake, na mume ni wa kugombezwa. Kufa hakutakuponya.

Leo Zuwena ametoka eda. Miezi minne na siku kumi zimetimia. Ameoga, amebadilisha nguo, amesimama mlangoni anatazama njia kama mtu aliyeshushwa na basi kwenye mji asioujua. Sisi wengine tuko wazima, kwa uzima wa siku hizi. Ambargo, ile ya majirani kutufungia mipaka, haijaisha. Petroli hakuna, sukari tunaisikia kwa majina, gereji zimejaa magari yanayongoja vipande visivyokuja. Kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, iko pale pale. Kuna mitaa ya mji huu hatupiti tena, na watu tuliokuwa tunasalimiana nao kila siku ambao sasa hatuulizi wako wapi. Hayo uliyaacha hivyo hivyo. Nakuandikia habari ya kitu ulichokiacha vibaya: vitabu vyako.

Nianzie Rohero, mtaa wa wakubwa, maana kosa lilianzia huko.

Unakumbuka ile siku ya kuzindua kitabu chako? Ulininunulia kitenge, ukanikalisha mstari wa mbele kama bibi harusi. Ulikuwa umealika madirekta na watu wa wizara, walimu wenzako wawili watatu, na kravati shingoni ilikuwa inakukaba mpaka macho yanakutoka. Wa kwanza akasimama akasema kwa Kifaransa. Wa pili Kifaransa. Na wewe, mwenye kitabu cha Kiswahili, ukasimama ukajibu kwa Kifaransa! Kisha kila mkubwa akapewa nakala yake bure, akaibana kwapani, akamaliza soda yake, akaenda. Niliwatazama walivyokishika. Ni kama mtu aliyepewa kuku mzima kwenye harusi ya watu, hajui amweke wapi. Nikakuuliza njiani tukirudi, "Na sasa nani atakinunua?" Ukasema, "Bibi, hawa ndio watakisema kwa wengine." Wangesema nini, na hawakukifungua?

Ukavipeleka vingine kwenye lile duka la vitabu lenye kioo. Wakavisimamisha dirishani, nyuma ya vitabu vya shule, sura yako ya kravati kwenye jalada ikiangalia jua mpaka ikapauka. Kila Jumamosi ulikuwa unavaa vizuri unakwenda kuviangalia kwa nje, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Huingii. Unaangalia, unarudi.

Nilikwambia: ndagala haiuzwi nyuma ya kioo. Mteja anataka anuse, achukue mmoja, avunje kichwa, atie mdomoni. Ukimnyima kuonja ataamini zina mchanga. Nawe ukacheka, "Bibi, kitabu si samaki." Nikakujibu, "Ndiyo maana samaki wangu wanaisha." Zuwena akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Wewe hukucheka tena.

Na nilikwambia, uviuze hapa. Hapa hapa, kwa watu wanaoongea lugha uliyoiandika. Ukasema nini? "Buyenzi hawasomi, Bibi." Ulisema hivyo barazani kwangu, mahali nilipokulea baada ya mama yako kuondoka duniani. Lilinichoma lile neno. Nikalinyamazia, mi ambaye sinyamazii kitu, nikaliweka.

Likanitoka ile Jumamosi. Ulikuwa unafunga viatu. Nikakwambia, "We mutoto, acha kujidhalilisha kwenye dirisha la watu. Nenda kachukue vitabu vyako uvilete nyumbani, kama umeshindwa umeshindwa." Ulimaliza kiatu cha pili. Ulikwenda ukavichukua.

Grenedi ilitupwa karibu na soko. Sitaandika zaidi, wewe ulikuwepo mimi sikuwepo. Waliokuleta walikuleta pamoja na katoni. Ilirudi nzima, Idrisa. Kamba haikulegea hata fundo. Wewe ulirudi vile ulivyorudi, na ile katoni nzima.

Nilikutuma mimi. Watu wananiambia siku ya mtu haisogei. Ni kweli, naamini. Lakini aliyesema "nenda" ni mimi.

Baada ya khitma ya siku ya tatu alikuja yule muuza karanga wa kona ya msikiti. Alitoa pole yake vizuri, akakaa, akameza mate, akasema karatasi za kufungia zimekuwa shida, na ameona kwetu kuna karatasi nyingi ambazo, samahani Bibi, huenda hazina kazi. Sikumkasirikia. Niliinuka nikamletea ile katoni. Ile ile. Nikampa bure, ilimradi isilale nyumba moja na mimi. Na nikamwambia, baada ya arobaini njoo na mkokoteni, uchukue na zile nyingine zilizobaki nyumbani, zote.

Basi ulijue hilo. Vitabu ulivyovihangaikia miaka mitatu, ambavyo Zuwena alinakili maneno yake mara mbili kwa mkono wake kabla ya kupelekwa kupigwa chapa, nilikuwa nimevigawa vikafungie karanga. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na kitu.

Zuwena wakati huo alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, ukimpa chakula anakula kidogo, basi. Anakaa edani na nguo zake zile za kufubaa, anaangalia ukuta. Wanawake wanakuja kumwangalia, wanakaa naye kimya, wanakwenda. Nilianza kuogopa. Nilijua kuzika mmoja. Wawili sikujua.

Siku ya kuandaa arobaini nyumba ilijaa. Unajua wanawake wetu, kila mmoja na ungo wake, mchele mbele, mawe pembeni. Viti havikutosha, wakavuta katoni zako wakazikalia. Hadija, mke wa fundi wa breki, akachagua katoni ya juu. Na mwili ule wa Hadija! Katoni ikapasuka, akakaa chini pwaa, miguu juu, vitabu vikamwagika mpaka kwenye mchele. Watu wakaziba midomo, nyumba ya msiba hiyo. Yeye mwenyewe hakujali. Akaokota kimoja, akapangusa, akaanza kukisoma kwa sauti akiwa amekaa pale pale sakafuni. Idrisa, Hadija anasoma kama gari lisilo na petroli. Anavuta neno, linakufa, analiwasha tena. Mara Mariamu wako amekuwa Mariama, mara mlango umekuwa mlima.

Zuwena akageuka kutoka ukutani. Akasema, "Si hivyo. Nipe."

Maneno ya kwanza kwa siku thelathini na tisa. Ungo wangu uliniponyoka.

Akasoma. Hakukaza sauti, alisoma kama anayeongea na mtu wa karibu. Akasoma habari ya Mariamu anayeuza mawese, mume aliyekwenda Kongo kwenye migodi akapotea miaka kumi na mbili, hata barua hakuleta. Mikono ya wanawake ikawa inachagua mchele polepole, kisha polepole zaidi. Akafika pale mume anarudi, mvua inanyesha, anagonga mlango na kumwita mkewe kwa lile jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Na hapo mchele ukaisha. Nikasema, "Haya, majiko yanangoja," nikawainua wote. Sikujua ninachokifanya. Mi nilikuwa nafikiria pilau.

Kesho yake, baada ya wageni kuondoka, Hadija huyo mlangoni na ungo.

"Bibi, mi mchele wangu uko na mawe sana. Nikaona nije nichagulie huku na Zuwena, asikae peke yake."

Nikatia mkono kwenye ungo wake. Mchele ulikuwa safi, hakuna hata jiwe moja! Alikuwa ameshauchagua kwake. Nikamtazama, akatazama dari. Nyuma yake akaingia Mama Neema, yule wa Uvira anayeuza vitenge, Mkristo, msalaba wake shingoni, na maharage kwenye beseni. Nyuma yake wengine wawili. Mchana ule kwangu palichaguliwa nafaka za avenyu nzima, na zote zilikuwa safi.

"Apana, asimfungulie!" Hadija anasema. "Miaka kumi na mbili, aje agonge kama mwenye nyumba?"

"Na kama alifungwa huko?" Mama Neema anauliza. "We unajua vita? Hujui kitu. Mutu anaweza kukawia kwa vita."

"Barua haifungwi!"

"Hadija, mume wako akichelewa saa moja unamtafuta gereji na ufagio, usitudanganye," mwingine anadakia.

Na Zuwena akacheka. Kidogo, na mkono mdomoni, kama amekosea. Lakini alicheka.

Hapo ndipo nikakuelewa, na nikakukasirikia upya. Ulikuwa na kitu cha kuonjesha, ukakiweka kwenye kioo! Ukangoja wakubwa wakusemee, ukangoja redio, wakati mwanamke mmoja mnene aliyeanguka na katoni ameweza kukusemea kuliko wizara nzima. Nikaweka sheria. Zuwena atasoma, kila siku kidogo, mpaka pale mlango unapogongwa. Hapo anafunga kitabu. Anayetaka kujua Mariamu alifungua au hakufungua, anunue chake aende nacho nyumbani. Asiyejua kusoma, ana mume, ana binti, ana jirani. Walinilalamikia! Wakaniita mchoyo. Nikawaambia, kwenye beseni langu mnaonja ndagala mmoja, hamli kilo.

Wakachukua. Mume wa Hadija akasomea gerejini, kwa sababu kazi haipo, vipande havipo, mafundi wamelala chini ya magari wanangoja ambargo iishe. Kitabu kimoja kikapita mikono kumi yenye mafuta, kikawa cheusi kama breki. Wengine wakatuma watu kwangu wapate vyao. Nilipita pale nikasikia wanagombana juu ya Mariamu kama wanagombania mpira. "Mi ningevunja mlango!" "We? Mlango wa kwako mwenyewe unaogopa kugonga!" Buyenzi hawasomi, eh? Ningekushika sikio nikulete pale usikilize.

Siku ya mwenye karanga ikafika, na mkokoteni. Nilikuwa nimemsahau. Zuwena akasikia "vitabu vyote", akaniangalia, wala hakuniuliza. Ningependa aniulize. Kabla sijafungua mdomo Hadija akainuka na ungo wake, akaenda akakaa juu ya zile katoni zilizobaki, akapanga khanga yake vizuri.

"Chukua," akamwambia. "Na mi nikiwa juu. Sukuma."

Yule maskini aliutazama mkokoteni, akamtazama Hadija, akaaga. Nilimfuata nje nikamwomba ile ya kwanza. Imekwisha, akasema, siku nyingi. Watu wa avenyu ya sita wamekula karanga zao na kurasa zako wakazitupa. Ile katoni siwezi kuirudisha. Nimekwambia, na sijitetei.

Kuna waliosema. Neno likafika kwa shehe kwamba nyumba ya eda imekuwa sinema. Nilivaa nikaenda mwenyewe. Nikamwambia, "Shehe, mjane hajatoka, hajajipamba, hakuna mwanaume anayeingia. Anasoma kitabu cha marehemu mumewe. Nimevunja sheria ipi, nionyeshe niitengeneze." Alifikiri sana. Akasema kicheko kipunguzwe, na wasipitishe sala. Nikasema sawa. Nikafika mlangoni akaniita. "Bibi Mwajuma. Hivi yule mume... alifunguliwa? Nyumbani kwangu wameniachia njiani." Nikamwambia kitabu kipo, atume mtu. Alituma kabla ya alasiri.

Mama Neema akavichukua vingine ndani ya mtumba wake wa vitenge, akavuka navyo Uvira pale mpaka wa Kongo ulipofunguliwa. Nilidhani atavirudisha. Alirudi na mtumba mtupu, akakaa, akavua viatu.

"Bibi, batu ba kule banapenda hii kitabu sana. Banauliza ya pili itatoka lini."

Zuwena alikuwa ameshika kimoja, akakigeuza, akaiangalia ile picha yako ya kravati. Nilitaka kusema kitu kizuri. Sina vitu vizuri. Nikasema, "Waambie hakuna ya pili. Mwenye kuandika amekufa. Wasome hiyo mara ya pili." Nikatoka nikaenda uani, nikaosha beseni ambalo lilikuwa safi.

Wanakungoja, Idrisa. Watu usiowajua, ng'ambo, wanakungoja. Ulitaka hivyo maisha yako yote na wamekuja miezi mitatu nyuma yako.

Sasa lile jambo. Nimezunguka karatasi tano nikiliogopa.

Ulipomaliza kuandika, kabla ya chapa, kabla ya Rohero na kravati, ulinifuata jikoni na karatasi zako. Ukakaa kwenye kibao. Ukasema, "Bibi, nikusomee kidogo, wewe ndiye wa kwanza." Nilikuwa napuliza moto, mkaa umelowa. Ulisoma mistari miwili, mitatu. Nikakukatiza nikakuuliza kama umeleta mkaa mkavu niliokuagiza. Ukazikunja karatasi, ukazitia mfukoni, ukaenda kuleta mkaa. Hukunijia tena na karatasi.

Nimekugombeza kwamba uliruka watu wako ukatafuta wa mbali. Nimekugombeza hai, nimekugombeza kaburini, na katika barua hii tena. Lakini wa karibu kabisa alikuwa mimi, na ulinianza mimi, na mi nilikutuma mkaa. Baada ya hapo ungeiaminije Buyenzi? Ulikwenda kwa watu wenye kravati kwa sababu angalau wao walikaa kimya.

Nisamehe. Neno hilo sijaliandika kwa mtu yeyote, sijui kama nimeliandika sawasawa.

Na nikwambie jingine ucheke. Mwisho wa kitabu chako siujui. Sheria niliiweka mwenyewe na imenishika mwenyewe. Kila mara Zuwena amefungia mlangoni, na mi kusoma peke yangu nachoka ukurasa wa pili, macho yanakataa. Shehe anajua. Mafundi wanajua, Uvira wanajua. Hadija ananitisha nikimgombeza: "Bibi, nikuambie alifungua au hakufungua?" Namwambia akithubutu asinunue tena ndagala kwangu. Nilijiambia ni biashara. Si biashara. Niliona kwamba nikiusikia mwisho utakuwa umemaliza kuongea na mimi, na nilikuwa sijaanza kukusikiliza.

Lakini huo nao ni ujinga. Umeandika usikike mpaka mwisho.

Zimebaki katoni mbili. Kuanzia juma lijalo Zuwena anatoka nazo, sasa anaruhusiwa. Ameitwa nyumba tatu akasome, na moja ni ya Wakristo, kwenye kusuka nywele. Atasoma mpaka mlangoni kisha atafunga. Amenishinda mimi kwa kujua wapi pa kunyamaza. Sitamtuma mahali, Idrisa, nimekoma kutuma watu. Atakwenda anapotaka, na akirudi atanikuta.

Pumzika, mume wangu. Mola akulaze penye nafasi, pasipo kelele za bunduki wala za bibi. Ijumaa nitakuja na Zuwena tusafishe kaburi, majani yameota upande wa miguu. Hii barua siiachi kule, mvua itaifuta, nitaiweka ndani ya nakala yangu.

Nakuahidi hivi. Kesho siendi sokoni. Tangu arobaini yako iishe sijakosa siku, lakini kesho beseni litakaa juu ya meza. Nimemwambia Zuwena aanze ukurasa wa kwanza na asisimame mlangoni, apite. Mikono yangu nitaiweka mapajani, bila ungo wala moto, na akisoma sitafungua mdomo. Wateja wakiniulizia, Hadija atawajibu: Bibi yuko ndani, anasikiliza kitabu.

Mimi, bibi yako,
Mwajuma